Mtumbwi wa Watu Wote

Katika somo hili tutasoma habari za mtumbwi. Labda wewe unakaa kando ya ziwa au mto, na mtumbwi unauona kila siku. Unajua kuwa mtumbwi ni wa kuvulia samaki, wa kuvukia ng'ambo na wa kubebea mizigo. Hapa tutautazama katika kazi nyingine, kazi ya kufundishia vijana. Tena tutauliza swali moja. Kijana asiyeweza kutembea, asiyeona au asiyesikia, je, naye ana nafasi katika mtumbwi huo?

Watu wengi hujibu upesi: "Hapana. Ni hatari. Tumhurumie, abaki nyumbani." Jibu hilo hutolewa na watu wazima wenye miguu na macho mazima. Kijana mwenyewe hajaulizwa. Lishike jambo hili unapoendelea kusoma.

UGOMVI WA INJINI

Tuanze mbali kidogo, katika nchi ya Marekani. Kaskazini ya nchi hiyo kuna jimbo la Minnesota, linalopakana na Kanada. Mpakani hapo pana msitu mkubwa wenye maziwa zaidi ya 1,000. Maziwa mengine ni madogo kama bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mengine ni makubwa, na ukisimama ufukweni huwezi kumtambua mtu aliye upande wa pili. Mahali hapo panaitwa Boundary Waters, maana yake Maji ya Mpakani. Wakati wa baridi maziwa yote huganda yakawa barafu, na watu hutembea juu yake. Wakati wa joto watu husafiri kwa mtumbwi.

Wenyeji wa asili wa huko ni Waojibwe. Hao walikuwa mafundi hodari wa mitumbwi. Hawakuchonga gogo kama tunavyofanya sisi. Walibandua gamba la mti mmoja wa nchi za baridi, wakalishona kwa mizizi, wakaziba mishono kwa utomvu. Mtumbwi wa namna hiyo ni mwepesi, hata mtu mmoja huweza kuubeba mabegani. Wepesi huo ulikuwa na sababu. Maziwa mengi ya huko hayakuungana. Msafiri akifika mwisho wa ziwa hushuka, hubeba mtumbwi na mizigo kupita msituni mpaka ziwa la pili, kisha hupakia tena. Njia hizo za kubebea zipo hata leo. Nyingine ni za hatua chache tu. Nyingine hupita kilomita moja, juu ya mawe na matope.

Katika miaka ya 1970 palitokea ugomvi mkubwa juu ya maziwa hayo. Watu wengine walitaka injini za boti zikatazwe, ili msitu ubaki kimya na maji yabaki safi. Wengine walikataa. Kati ya waliokataa walikuwamo watu wa miji midogo ya jirani, waliopata riziki kwa kukodisha boti na kuwapeleka wageni kuvua samaki. Tusiwacheke watu hao. Riziki ya mtu si jambo la mchezo. Lakini katika ugomvi huo ilitolewa pia hoja nyingine. Ilisemwa kuwa injini zikikatazwa, wazee na watu wenye ulemavu hawataweza kufika tena, maana hawawezi kupiga kafi wala kubeba mizigo.

(Kafi ni kasia fupi la kushika kwa mikono miwili bila kulifunga kwenye mtumbwi.)

Hoja hiyo ilisikika kama huruma. Lakini nani alikuwa amewauliza wenye ulemavu?

Vijana wawili, Greg Lais na Paul Schurke, walitaka kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Mwaka 1977 walifunga safari kwenda katika maziwa yale bila injini. Waliandamana na kundi la watu mchanganyiko. Walikuwamo wanaotumia viti vya magurudumu, na walikuwamo viziwi. Walikwenda kwa mitumbwi na makafi, wakalala msituni, wakarudi.

Mwaka 1978 likaanzishwa shirika la kuendeleza safari za namna hiyo. Jina lake ni Wilderness Inquiry. Mwaka huo huo, tarehe 21 Oktoba, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya maziwa yale. Injini zikakatazwa katika sehemu kubwa, zikaachwa katika maziwa machache. Mimi sisemi kuwa safari ile ndiyo iliyoleta sheria. Sheria ile ilivutwa huku na huku na watu wengi wenye nguvu. Ninachosema ni kwamba safari ile ilijibu kwa vitendo neno lililokuwa likisemwa kwa midomo.

Baadaye wenye ulemavu wenyewe waliulizwa. Mwaka 1992 Baraza la Taifa la Ulemavu la Marekani lilitoa ripoti kuhusu watu wenye ulemavu na mapori ya hifadhi. Wengi wa waliohojiwa walisema kuwa katazo la injini halikuwazuia kufurahia mapori hayo. Msomaji makini atauliza ni nani aliyeifanya kazi ya kuwahoji. Ilifanywa na shirika lile lile la Wilderness Inquiry, ambalo tayari lilikuwa na upande wake. Ni vizuri kulijua hilo. Hata hivyo, maneno ya waliohojiwa ni yao.

KUNDI MCHANGANYIKO

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanywa. Shirika lile halikuanzisha kambi ya walemavu peke yao. Liliwachanganya. Katika kundi moja huwamo mwenye miguu na asiye na miguu, anayeona na asiyeona, kijana na mzee. Kila mtu hupewa kazi. Asiyeweza kutembea huweza kukatakata vitunguu, kuwasha moto, kusoma ramani, au kupiga kafi kuliko mtu mwingine yeyote. Wengi wanaotumia viti vya magurudumu wana mikono yenye nguvu kwa sababu husukuma magurudumu kila siku. Wewe mwenye miguu ukishindana naye katika mtumbwi, jiandae.

Hapo ndipo palipo siri ya mtumbwi. Katika mtumbwi watu wote wameketi au wamepiga magoti. Hakuna anayetembea. Yule aliyekuwa nyuma ya wenzake ufukweni, majini yuko sawa nao.

Shida huja katika kupanda, kushuka na kupita njia za msituni. Kiti cha magurudumu hupakiwa ndani ya mtumbwi pamoja na mizigo. Penye mawe, mwenye kiti husukumwa au hubebwa. Wengine hupenda kujikokota wenyewe polepole, na huachwa wafanye hivyo, hata kama wenzao watasubiri. Si jambo rahisi kwa kiongozi. Mkono wake unawasha kutaka kusaidia. Kiongozi aliyejifunza vizuri huuliza kwanza: "Unataka msaada? Wa namna gani?" Kisha hufanya alivyoambiwa.

Viongozi hao hujifunza mengi kabla ya kupewa kundi. Hujifunza kuokoa mtu majini, kugeuza mtumbwi uliopinduka na kutoa huduma ya kwanza. Pia hujifunza mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Nani atamsaidia binti huyu kwenda msalani? Kijana huyu anakunywa dawa gani, na saa ngapi? Mambo hayo huzungumzwa mapema, faraghani, na mhusika mwenyewe. Yasipozungumzwa mapema, yatazungumzwa kwa aibu mbele ya watu.

Shirika hilo lilianzisha pia kazi nyingine kwa ajili ya vijana wa mijini. Mto mkubwa wa Mississippi unapita katika mji wa Minneapolis. Lakini watoto wengi wa mji huo hupita juu ya daraja kila siku bila kugusa maji yake. Basi viongozi huleta mitumbwi mikubwa yenye urefu wa mita 7 hivi, inayochukua watu 10. Wanafunzi hupanda na walimu wao. Wakiwa mtoni hufundishwa habari za maji, samaki, ndege na historia ya mji. Katika shule za mji huo wamo watoto wa familia zilizotoka Somalia, Ethiopia na Kenya. Mitumbwi hiyo huvutwa kwa magari kutoka mji mmoja hadi mwingine, na imefika katika miji mingi ya Marekani. Mtumbwi mkubwa hautikisiki ovyo, na mwoga huketi katikati ya wenzake. Kwa mgeni wa maji, mtumbwi mkubwa ni bora kuliko mdogo.

Leo kupiga kafi ni mchezo wa mashindano pia. Katika Michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu, mbio za mitumbwi ziliingizwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, nchini Brazili. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, iliongezwa aina nyingine ya mtumbwi, wenye bawa upande mmoja la kuuzuia usipinduke. Watu wa pwani yetu wakiuona mtumbwi huo watacheka kidogo. Ngalawa yao ina mabawa pande zote mbili.

HOFU YA MAJI

Turudi nyumbani. Hofu ya maji si ujinga. Watu wa Ziwa Viktoria wanaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, wakati kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote. Wengi walikuwa watoto na vijana.

Kwa hiyo mama anayemzuia mwanawe hana kosa. Ni lazima ajibiwe kwa heshima. Tuseme kiongozi wa kikundi cha vijana amekwenda kwenye nyumba yenye kijana aliyepooza miguu. Soma mazungumzo haya kwa sauti, watu watatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Mama, vijana wa kikundi chetu wanajifunza kupiga kafi. Tumekuja kumwalika na huyu mdogo wetu."

"Huyu? Kwani huoni miguu yake? Huyu atazama."

"Hofu yako ni ya kweli, mama. Hata mwenye miguu huzama. Ndiyo maana siku ya kwanza hatutapanda mtumbwi. Tutavaa jaketi la kuelea na kuingia katika maji ya kiunoni. Wewe utakuwa ufukweni unatutazama."

"Na mawimbi yakija?"

"Yakiwapo hatuingii. Wazee wavuvi ndio watakaotuambia kama ziwa limetulia."

Mama ananyamaza. Kiongozi anamgeukia kijana.

"Na wewe, mdogo wangu, unasemaje?"

"Mimi nataka. Lakini msinibebe kama gunia."

Mwone kiongozi huyu. Hakubishana na mama, wala hakuahidi mambo makubwa. Alimwambia siku ya kwanza itakuwaje. Kisha alimuuliza kijana mbele ya mama yake. Kijana naye amejibu maneno mawili: anataka, na anataka kubebwa kwa heshima. Kama angesema hataki, basi hilo nalo ni jibu. Angeachwa, na siku nyingine angeulizwa tena.

JAKETI KWANZA

Kikundi kinachotaka kuanza kazi hii huweza kuazima mtumbwi. Makafi huchongwa na fundi wa kijijini. Kitu cha kununua ni majaketi ya kuelea, ambayo wengine huyaita majaketi okozi. Jaketi ni ghali, lakini hapa hakuna njia ya mkato. Kikundi chenye majaketi manne hupakia watu wanne tu, kiongozi akiwa mmoja wao. Hata mvuvi hodari aliyezaliwa ziwani avae. Vijana humwiga yeye.

Jaketi lenyewe lazima limkae mtu. Kamba zikishafungwa, mshike mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Kisha lijaribiwe majini, na hapa sikiliza vizuri. Mwili wa mtu aliyepooza hauelei kama mwili wa mwingine. Miguu inaweza kupanda juu, au mwili ukageuka upande, hata uso ukaelekea majini. Kwa hiyo watu wawili wasimame karibu naye katika maji ya kiunoni, mmoja kila upande. Waone anavyoelea, na yeye ajifunze kujigeuza awe chali. Jambo hili huhitaji siku nyingi. Msiharakishe.

Kiti cha ndani hutengenezwa kwa urahisi. Chukueni kiti cha plastiki kilichovunjika, mkikate miguu, kisha mkiweke chini katikati ya mtumbwi kwa kukikaza kisicheze. Kitampa mtu mahali pa kuegemea. Juu yake wekeni kipande cha sponji. Mtu asiyekuwa na hisia katika miguu na makalio hawezi kujua kama mbao inamchubua. Kidonda chake huanza kimyakimya na huchukua miezi kupona. Akishuka, ngozi yake itazamwe na mtu anayemwamini. Jua nalo hupasha mbao moto, basi zimwagieni maji kabla hajaketi.

Kuna jambo moja la kukataza kabisa. Mtu asifungwe kwenye mtumbwi. Usimfunge kwa kamba, kwa kanga, wala kwa mkanda, hata kwa nia njema ya kumzuia asianguke. Mtumbwi ukipinduka, aliyefungwa atabaki chini yake. Hata mwenye mkono mmoja dhaifu, ambaye kafi humtoka, msifunge mkono wake kwa nguvu. Utepe wa mpira wa baiskeli unatosha, ukizungushwa mara moja tu, ili akiuvuta mkono utoke mara moja.

Wakati wa kumpandisha, mtumbwi uwe ndani ya maji ya magotini. Ukipandia juu ya mawe, mbao zitapasuka. Watu wawili waushike usitikisike. Wengine wawili wamnyanyue, mmoja nyuma akipitisha mikono chini ya makwapa yake, mwingine akimshika chini ya magoti. Kwanza wamuulize nyumbani hunyanyuliwa vipi. Yeye ndiye anayeujua mwili wake, na yeye ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu.

KILA MTU NA NAFASI YAKE

Mzigo mzito ukae katikati na chini. Hakuna kusimama. Anayeongoza mtumbwi hukaa nyuma. Aliye mbele hutoa mwendo, na wengine humfuata. Kafi hushikwa mkono mmoja juu kichwani mwake, na mkono wa pili chini karibu na bapa. Wakitia makafi majini pamoja, mtumbwi huenda kama umesukumwa na mtu mmoja. Wakikosana, huyumba.

Asiyeona anaweza kuwa mpiga kafi mzuri sana. Husikia kafi la mwenzake likiingia majini, na huhisi mtumbwi unavyokwenda. Kabla ya kupanda, mpeni nafasi aupapase mtumbwi wote, mbele mpaka nyuma, ajue mbao ziko wapi na kamba iko wapi. Katika nchi nyingine viongozi humwonyesha asiyeona upande kwa kutaja saa, kama mishale ya saa ukutani. Kwetu njia hiyo italeta vurugu, maana saa tatu yetu mshale wake uko kwenye tisa. Semeni tu kulia, kushoto, mbele, nyuma.

Asiyesikia ana shida moja. Akikaa mbele, kiongozi aliye nyuma hamwoni uso. Basi akae mahali ambapo anamwona anayetoa ishara, au mpatane alama ya kugusa. Kiongozi akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara mbili, asiyesikia atahisi mtikisiko katika mbao, naye atageuka. Ishara zipatanwe ufukweni: simama, piga, rudi nyuma, hatari. Mwenye ishara zake awafundishe wenzake. Watajifunza upesi, na hata wenye masikio watazitumia upepo ukivuma.

Kijana mwenye ualbino huumizwa na jua, na majini huumizwa mara mbili, maana maji nayo hurudisha mwanga usoni. Avae kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kama yapo. Safari yake iwe asubuhi mapema au jioni. Wengi wao pia hawaoni mbali, kwa hiyo mambo ya asiyeona yanamhusu.

Mwenye kifafa asiingie majini kabla muuguzi au daktari hajaulizwa. Akiruhusiwa, awe amekunywa dawa yake na avae jaketi wakati wote. Pia mtu anayejua kumsaidia akae karibu naye, umbali wa mkono. Akishikwa na kifafa majini, kichwa chake kiinuliwe juu ya maji na atolewe nje. Hakuna sababu ya kuogopa povu lake. Kifafa hakiambukizi.

Na hatari za ziwa lenyewe? Hizo ni za watu wote. Mamba na viboko wana mahali pao, na wavuvi wanapajua. Waulizeni. Kichocho hupatikana kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Chagueni ufuko usio na majani, na vijana wapimwe katika kituo cha afya. Dawa ya kichocho ipo.

Ufukweni pawe na dumu tupu lenye kifuniko, lililofungwa kamba ndefu. Mtu akianguka mbali kidogo, dumu hurushwa kwake, alishike, avutwe. Usimrukie anayezama kama hukufundishwa kuokoa. Atakukumbatia mkazama wote wawili.

Ukisikia mtu akisema kuwa mambo haya ni ya nchi tajiri, mwonyeshe hesabu. Dumu lipo. Kiti kilichovunjika kipo. Mtumbwi upo. Hata sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu unataja michezo na burudani pamoja na shule na kazi. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Jaketi tu ndilo la kuchangia fedha, na wavuvi wenyewe wanalihitaji.

MASWALI

1. Katika ugomvi wa maziwa ya Minnesota, ni hoja gani iliyotolewa juu ya watu wenye ulemavu? Ilijibiwaje mwaka 1977?

2. Kwa nini mtu asifungwe kwenye mtumbwi? Mweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe.

3. Kijana katika mazungumzo alisema, "Msinibebe kama gunia." Onyesheni darasani namna ya kumnyanyua mtu mwenye afya kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mkeka. Aliyenyanyuliwa aseme alivyojisikia.

4. Hesabu. Kikundi kina vijana 12 na majaketi 6. Katika kila safari lazima wawemo viongozi 2. Kila safari ni dakika 30, na kati ya safari na safari pana mapumziko ya dakika 10. Wakianza saa 1:00 asubuhi, kijana wa mwisho atashuka saa ngapi?